Nani Mkosaji? Mahakama ya Watazamaji wa Blue Valentine

Filamu nyingi zikiisha watu huulizana kama zilikuwa nzuri au mbovu. Blue Valentine ikiisha, swali huwa jingine kabisa: nani mkosaji? Nimeshaitazama na vikundi vitatu tofauti, wanahabari wenzangu, ndugu, na marafiki wa kusoma vitabu, na kila mara mahakama imefunguliwa hata majina ya waigizaji hayajamaliza kupita. Kuna mawakili wa mume, kuna mawakili wa mke, na wote wana hasira za kweli. Hasira hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Kwa ambao hawajaiona: ni filamu huru ya Marekani iliyoongozwa na Derek Cianfrance, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Sundance Januari 2010. Ryan Gosling ni Dean, mpaka rangi wa nyumba. Michelle Williams ni Cindy, muuguzi ambaye zamani alitaka kuwa daktari. Wana binti, Frankie. Hadithi inakwenda kwa nyuzi mbili zinazopishana: siku walizopendana, na siku mbili hivi za mwisho wa ndoa yao. Hakuna nyumba ndogo, hakuna mama mkwe mchawi, hakuna siri inayofichuliwa dakika ya mwisho. Watu wawili wamechokana, basi.

Sasa sikiliza mawakili. Wa Dean husema: jamani, huyu hachepuki, anampenda mkewe, analea mtoto ambaye alijua tangu mwanzo kuwa huenda si damu yake. Mnataka nini zaidi? Wa Cindy hujibu: anataka mtu mzima. Tazama asubuhi ile Dean na Frankie wanavyolamba zabibu kavu mezani kama wanyama, wakicheka, huku Cindy akiwaza shule, kazi na muda. Kwa upande mmja hapo kuna baba bora. Kwa upande wa pili kuna nyumba yenye watoto wawili na mzazi mmoja. Ni tukio lilelile, dakika zilezile.

Kisha wanakwenda kwenye ile hoteli ya wapenzi, chumba kisicho na dirisha, chenye taa za buluu. Dean anataka kufufua mapenzi. Cindy anakunywa, kisha anajilaza kama mtu anayesubiri sindano. Hapo ukumbi hugawanyika waziwazi. Mwanamume mmoja wa makamo niliyetazama naye alisema kwa sauti, "Huo ni ukatili," akimaanisha wa Cindy. Dada aliyekaa nyuma yake akasema nenohilohilo, akimaanisha wa Dean. Hakuna aliyecheka.

Wakaguzi nao ni watazamaji. Mwaka 2010 bodi ya madaraja ya filamu Marekani iliipa NC-17, daraja linalowafungia mlango wote wenye miaka 17 kushuka chini na ambalo kumbi nyingi hulikwepa. Gosling alilalamika hadharani kwamba uamuzi huo unatokana na mfumo dume unaotaka kumdhibiti mwanamke kwenye skrini. Desemba rufaa ikashinda, filamu ikapata daraja la R bila kukatwa hata kipande. Kumbe hata watu wanaolipwa kutazama wanaweza kuona filamu mbili ndani ya moja.

Kwa nini tunatofautiana hivi? Nadhani jibu liko kwenye kile ambacho Cianfrance hakutuonyesha. Tunaona mwanzo, tunaona mwisho, lakini miaka ya katikati haipo. Hatuoni siku Cindy alipoacha kucheka vichekesho vya Dean. Hatuoni bia ya kwanza ya asubuhi. Waigizaji wenyewe waliipata miaka hiyo kwa njia ya ajabu: baada ya kupiga picha za mapenzi, kazi ilisimama kama mwezi mzima, wakaishi kwenye nyumba ile wakijizoesha kuwa familia, wakipanga bajeti na kugombana. Sisi hatupewi hiyo fursa, kwa hiyo tunajaza pengo kwa tulichonacho. Aliyeachwa anajaza kwa kuachwa kwake. Aliyelelewa na mama aliyechoka anamjaza mama yake. Tukidhani tunatoa hukumu, kumbe tunatoa ushahidi wetu wenyewe.

Na hapa sheria yetu ina busara ambayo watazamaji tunaikosa. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inazifanya tabia mbaya, kama uzinzi au ukatili, kuwa ushahidi tu. Swali kuu la mahakama ni kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Kwa kipimo hicho, Dean na Cindy wanaweza wote kuwa watu wema na bado kesi ikaisha. Hilo ndilo linalotuuma. Tunapenda kuamini kwamba ndoa hufa kwa sababu kuna mtu ameiua.

Hata hivyo, filamu yenyewe haina mizani iliyonyooka. Dean kapewa nyimbo, utani na machozi. Cindy kapewa uso uliochoka. Bobby, mpenzi wake wa zamani, ni mbaya kirahisi mno, kama vile ametumwa aje amfanye Dean ang'ae. Bila Michelle Williams, ambaye huweza kusema "nimefika mwisho" kwa kukaza taya tu, Cindy angebaki mwanamke mkali asiye na shukrani, na mawakili wa Dean wangeshinda asubuhi na mapema. Uteuzi wake wa Oscar kwa kazi hii aliustahili.

Hebu itazame, ila usiitazame peke yako. Mabishano yakianza, usimuulize mwenzako nani mkosaji. Muulize anadhani nini kilitokea katika miaka ambayo hatukuionyeshwa. Halafu nyamaza, msikilize hadi amalize, maana kuanzia hapo hatakuwa anazungumzia filamu tena.