Muhogo Nyuma ya Jiko

Ghala la mahindi huteketea kwa kijinga kimoja. Muhogo ulio ardhini hauungui. Anayeutaka lazima ashike jembe, na askari aliye njiani hana muda wa jembe. Huku kusini mwa Tanzania tulifundishwa hilo kwa machungu. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, majeshi ya Gavana wa Kijerumani, Götzen, yalichoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Waliokimbilia porini walichimba mizizi. Mizizi ya ming'oko inayochemshwa leo na kuuzwa kando ya barabara imepita katika miaka kama hiyo kabla ya kuwa kitafunwa.

Ndiyo maana nikimwona mama wa Naipingo, hapa Nachingwea, akiandaa mbegu ya muhogo, husimama nikatazama. Huchagua mti uliokomaa. Wenye majani yaliyojikunja na mabaka ya njano hauchukui, hata uwe mnene vipi: hiyo ni batobato. Hukata pingili za shubiri moja kwa panga kali, gamba lisichanike, huku akiyahesabu macho kwa kidole gumba. Kati ya matuta hutia kunde, maana mboga italiwa miezi mingi kabla mizizi haijanenepa.

Nachingwea imevijua vita vingine pia. Katika kambi ya FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, wapiganaji waliojiandaa kuikabili Ureno ng'ambo ya Ruvuma walilima chakula chao. Kwa kiongozi wao Samora Machel, jembe, daftari na bunduki vilikwenda pamoja. Kabla yao Waingereza walileta matrekta kulima karanga, mpango ulioanza 1947 ukafutwa 1951. Njugu mawe za uani hazikusubiri trekta.

Leo hakuna anayetuchomea ghala. Lakini mikorosho na ufuta vimesogea hadi ukutani mwa nyumba, na mwenye shamba hununua fungu la mchicha sokoni. Hilo linaniuma. Tena zao la kuuza hutegemea soko la mbali: mwaka 2017, India ilipozuia mbaazi kuingia kwa wingi, bei ilianguka ghafla, ilhali mbaazi zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote. Jikoni ziliungwa kwa nazi kama kawaida.

Mvua za kwanza zikikawia, miti ya muhogo husimamishwa chini ya mwembe, vitako vyake vimefukiwa kwenye udongo mbichi. Jioni mtu hupita na kata ya maji, akaimwagia kidogo, akagusa jicho moja kuona kama limeanza kuvimba.