Tunapenda Sombe, Tunaogopa Kuonekana

Banasema sisi vijana wenye diploma tunachukia utamaduni wa Kongo. Mimi sikubali. Tunaogopa kuonekana nao, na ile woga tulifundishwa.

Mu 1948 Wabelgiji walianzisha kadi ya "mérite civique", mu 1952 wakaongeza "immatriculation". Mukongomani mwenye kuomba, wakaguzi walikuwa wanaingia mpaka ndani ya nyumba yake: vyombo, choo, namna familia inakaa kwa meza. Kujitenga na ya kwenu ilikuwa mtihani, na mwenye kufaulu alipewa karatasi!

Mobutu aliona ugonjwa, lakini dawa yake ilikuwa amri. Mu 1971 inchi ikaitwa Zaïre, mu 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa, kravati ikatupwa, batu wakavaa abacost, koti yenye kufanana na ya Mao (authenticité gani hiyo?). Wenye kusifu ile wakati wanasahau kintu kimoja: mukaguzi alibadilika tu, hakuondoka.

Mpaka leo iko. Kwa sherehe zetu za diploma, mezani unakuta makaroni na mayonnaise, sombe hapana: "Batu watatuona aje?" Usiku, wale wale wako jikoni na bukari, mkono ndani ya sahani, mlango umefungwa. Na sisi ba-agronome ndio tunazunguka vijijini kumuambia mukulima aongeze mihogo, eti soko iko.