Thamostati Haikupaswa Kung'olewa

Wengi wenu mmeshaiona video ya ile BMW 530i ya mwaka 2002, E39, iliyonunuliwa ikiwa imechoka na kufufuliwa hapa Dar. Kazi nyingi iliyofanyika ni safi: sili za vanos zimebadilishwa, bushi za mbele ni mpya, kava ya vali haivujishi tena oili. Kisha fundi anafika kwenye mfumo wa kupoza injini, anafungua nyumba ya thamostati, anang'oa chuma cha ndani na kurudisha ganda tupu. Maelezo yake ni yaleyale: Dar kuna joto, thamostati ni ya Ulaya. Mwenye gari anaitikia kwa kichwa. Ukarabati wote uliotangulia ukawekwa rehani kwa dakika zile.

Hoja ya joto la Dar nimeipinga mara nyingi kwenye safu hii na sitaacha. Thamostati haina habari na hali ya hewa ya nje. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Kwa injini yake ya M54, namba imegongwa kwenye thamostati yenyewe: nyuzi 97. Hewa ya nyuzi 32 bado ni baridi sana mbele ya 97, na rejeta iliyoachwa wazi muda wote, alfajiri kwenye barabara ya Bagamoyo, inaishusha injini mbali chini ya hapo. Kompyuta inasoma kwamba injini haijapata moto, inaendelea kumimina petroli. Isiyoungua inateremka kando ya pistoni, inaingia kwenye sampo, na oili inapoteza uzito wake. Baada ya muda mwenye gari analalamika kuwa BMW inakunywa mafuta. Anabadilishiwa oksijeni sensa, anabadilishiwa sensa ya hewa, taa ya injini inafutwa kwa mashine, na inarudi. Kufuta kodi ya hitilafu bila kutafuta chanzo chake ni ugonjwa mwingine wa gereji zetu.

Lakini hasara kubwa iko upande wa nyuma wa kile chuma kilichotupwa. Thamostati ya namna hii ina visahani viwili. Cha mbele kinapofungua njia ya rejeta, cha nyuma kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiving'oa vyote, njia ya mkato inabaki wazi daima. Kwenye mizunguko ya mjini hutagundua. Sasa pandisha gari hilo mlima wa Kitonga, watu watano ndani, buti limejaa, AC inafanya kazi, umekwama nyuma ya lori. Sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani kwa ndani bila kupozwa, na gari lililong'olewa thamostati ili lisichemshe, linachemka.

Na dereva hataonywa mapema. Fundi katika video anaelekeza kamera kwenye mshale wa temprecha uliotulia katikati, na anauita ushahidi. Kwenye E39 mshale huo umepangwa kukaa katikati kuanzia kama nyuzi 75 hadi zaidi ya 100. Injini ya baridi na injini inayokaribia hatari zinaonyesha picha moja. Ukweli uko kwenye menyu iliyofichwa ya dashibodi, au kwenye mashine ya kupimia, ambayo alikuwa nayo mezani na hakuichomeka. Mshale ukianza kupanda, huenda hedi imeshaumia. Bloku ya M54 ni alumini, na ikichemka sana uzi wa bolti za hedi unalegea ndani ya bloku. Kuichonga hedi peke yake hakuponyi kitu hapo.

Mercedes W124 ilimheshimu dereva zaidi. Namba zimeandikwa kwenye saa yake, 40, 80, 120, na mshale unatembea kadiri maji yanavyopata moto; ukikwama kwenye foleni unauona ukipanda, ukitembea unauona ukishuka. Wale mafundi wazee waliokua na W123 na Peugeot 504 walikuwa wakiitumbukiza thamostati kwenye sufuria ya maji jikoni, wanatazama inafunguka wapi, ikigoma wanatafuta nyingine. Hawakuwa na kompyuta, na hawakufanya alichofanya huyu.

Kung'oa thamostati iliyogoma kufunguka ili ufike nyumbani, hilo ninalielewa. Kwenye gereji, spea zikiwa zimeagizwa, halina utetezi. Nyumba kamili ya thamostati ilipaswa kuingia mpya, pamoja na wota pampu na kitanki cha kulanti, kwa sababu plastiki za umri ule hupasuka kwa zamu. Isiwe ile ya mtumba. Umri wake ni uleule. Kisha kulanti halisi badala ya maji ya bomba, hita kwenye moto wa mwisho, upepo utolewe hadi mapovu yaishe.

Gari hilo sasa linauzwa. Anayekwenda kulikagua aombe lisiwashwe kabla hajafika. Aliwashe mwenyewe, afungue boneti, aweke kiganja kwenye rejeta. Yenye thamostati nzima hubaki baridi kwa dakika za mwanzo, kisha hupata moto kwa ghafla. Ya gari hilo itaanza kupata vuguvugu tangu mwanzo, pamoja na injini.