Canon EOS 4000D au Nikon D3500? Anza na lenzi

Wiki haipiti bila mtu kuniuliza: "Kaka, nataka DSLR ya kuanzia, nichukue ipi?" Wengi huuliza wakiwa wameshaamua kwamba wanataka yenye megapikseli nyingi. Mimi pia niliamua hivyo. Nikiwa mwaka wa tatu nilijibana, nikaweka akiba ya boom, nikanunua kamera niliyosifiwa dukani kwa namba hiyo. Mwezi uleule nikaipeleka kwenye sendoff ya dada yangu. Taa za ukumbini zilikuwa hafifu, na picha zote za bibi yetu akicheza zikatoka ukungu mtupu. Miezi minne baadaye bibi akafariki. Kamera haikuwa mbovu. Mimi ndiye sikujua nimenunua nini.

Basi hebu tuzipime hizi mbili kwa fizikia. Zote zilitoka 2018, na zote zililenga watu wanaoanza. Canon ina megapikseli 18, Nikon 24. Ukisikia hivyo unaona pengo kubwa, sivyo? Lakini pikseli hutandazwa kwa upana na kwa urefu. Picha ya Canon ina upana wa pikseli 5184, ya Nikon 6000, yaani tofauti ya kama asilimia 16 tu. Ukichapisha kwenye karatasi ya A4, zote mbili zina pikseli za kutosha na kubaki. Usilipie pengo hilo.

Kinacholipiwa ni mwanga. Kamera hizi kwa kawaida huuzwa na lenzi ya milimita 18-55. Ukiivuta hadi 55, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara 10 zaidi, kwa sababu mwanga hufuata mraba wa uwiano wa namba hizo: gawanya 5.6 kwa 1.8, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Kwa hiyo pale ambapo lenzi ya kwanza inahitaji sekunde 1/10, ya pili inatosheka na 1/100. Mtu anayecheza kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde husogea sentimita 10 katika muda wa kwanza, na sentimita 1 tu katika wa pili. Bibi yangu alipotelea kwenye zile sentimita 10. Na usidanganywe na lenzi yenye kizuia mtikisiko: hutuliza mkono wako, haimsimamishi anayecheza.

Sasa lawama. Canon 4000D imebanwa gharama kupita kiasi. Pale lenzi inapofungwa ni plastiki, na kioo cha nyuma ni kidogo, inchi 2.7. Baya zaidi, sehemu ya kuchomeka flashi haina ile pini ya katikati, hivyo flashi nyingi za bei nafuu za makampuni mengine haziwaki. Hapo anayeumia ni yuleyule mwenye pesa kidogo. Sifa yake ni kwamba lenzi zote za EF, hata za mtumba, hulenga zenyewe bila shida.

Nikon D3500 imetengenezwa kwa uangalifu zaidi. Kwa vipimo vya kiwandani, chaji moja hupiga picha 1550; Canon ni 500. Lakini nayo ina mtego: haina mota ya kulengea ndani ya mwili wake. Ukinunua lenzi ya zamani kama 50mm f/1.8D, utazungusha kwa mkono. Tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P. Pia haitengenezwi tena, kwa hiyo mara nyingi utaipata iliyotumika.

Kati ya hizi mbili, mimi ningechukua Nikon, pamoja na lenzi yake ya AF-S 35mm f/1.8G. Pesa ikiwa haitoshi, chukua mwili wa zamani zaidi uliotumika ukiwa na lenzi ya f/1.8, kuliko mwili mpya wenye 18-55 peke yake.

Na kabla hujalipa, usijaribu kamera pale mlangoni penye jua. Ingia nayo ndani kabisa ya duka, mwombe rafiki yako atembee mbele yako, kisha piga. Vuta picha uangalie uso wake.