Karani, Bosi na Mwenye Nyumba: Nine to Five na Shetani Msalabani Zikisomwa kutoka Eastlands

Mwaka 1980 zilitokea kazi mbili za sanaa, kila moja upande wake wa dunia, zenye mhusika wa aina moja katika kiini chake: mwanamke apigaye taipu, na bosi anayeuona mwili wake kuwa sehemu ya mshahara anaomlipa. Ya kwanza ni filamu ya Kimarekani, Nine to Five, iliyoongozwa na Colin Higgins na kuandikwa naye pamoja na Patricia Resnick. Ya pili ni riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o (1938–2025), Caitaani Mũtharaba-inĩ, ambayo mwandishi aliiandika akiwa kizuizini katika gereza la Kamĩtĩ mwaka 1978, na ambayo ilitolewa kwa Kiswahili mwaka 1982 kwa jina la Shetani Msalabani. Riwaya ilikwisha andikwa kabla filamu haijaonyeshwa, kwa hiyo hapana haja ya kutafuta nani alimwiga nani. Lililozileta pamoja ni hali yenyewe ya ofisi ya zama hizo.

Kusudi la makala haya ni kuzipima kazi hizo kwa kipimo kinachopatikana Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, ambako Jacinta Wariinga anaishi hadithi inapoanza. Kipimo chenyewe ni swali: mwanamke akitoka kazini, analala wapi, na nani ana uwezo wa kumtoa humo? Hoja inayotetewa ni kwamba filamu imeieleza dhuluma ya ofisini kwa uhodari mkubwa, lakini imeitenga na nyumba. Na kwa kuitenga imeweza kuimaliza kwa kicheko. Riwaya imeviunganisha viwili hivyo, na kwa sababu hiyo haikupata mlango mwepesi wa kutokea.

Filamu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1973, mjini Boston, makarani wa kike walianzisha chama kilichoitwa 9to5, Karen Nussbaum na Ellen Cassedy wakiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Jane Fonda, mmoja wa waigizaji wakuu, alifahamiana na Nussbaum, na watengenezaji wa filamu waliwasikiliza makarani wenyewe kabla ya kuikamilisha hadithi. Matunda ya usikivu huo yanaonekana katika wahusika watatu. Violet, mjane mwenye watoto wanne, amemfundisha kazi Bwana Hart, kisha Hart huyo huyo akapandishwa cheo na kuwa bosi wake. Doralee, sekretari wa Hart, amevumishiwa na bosi kuwa ni hawara yake, naye hajui kwa nini wenzake humkwepa. Judy ameachwa na mumewe na anaingia kazini kwa mara ya kwanza maishani. Dhuluma tatu tofauti zinatoka kwa mtu mmoja, na wanawake hao wanaanza kushikamana pale kila mmoja anapotambua kuwa aibu aliyoibeba peke yake haikuwa yake.

Kwa mfululizo wa vituko, wanawake hao wanamfungia Hart ndani ya nyumba yake mwenyewe na kuiendesha ofisi kwa kughushi saini yake. Wanaruhusu mfanyakazi achague saa zake, watu wawili wagawane nafasi moja, watoto wapate pa kulelewa, na malipo yawe sawa kwa wanaume na wanawake. Mkuu wa kampuni anapofika anasifu yote, maana uzalishaji umepanda. Ila malipo sawa anaagiza yaondolewe. Hapo ndipo filamu inaposema kweli kuliko pengine pote. Mageuzi yanakubaliwa kadiri yanavyomtajirisha mwenye mali, na yanakoma pale yanapoanza kumgharimu. Mhakiki anayeiona filamu hii kuwa mzaha mtupu ameipita sehemu hiyo bila kuiona. Yafaa kukumbuka pia kuwa sheria ya malipo sawa ilikuwapo Marekani tangu 1963. Filamu inaonyesha jinsi sheria inavyoweza kuwepo na ofisi ikaendelea kama kwamba haipo.

Hata hivyo, nyumba za wanawake hao watatu haziko hatarini hata mara moja. Violet ana nyumba yenye banda la gari. Doralee ana sebule ambamo wenzake wanakutana jioni, wanakunywa, wanacheka na kuota ndoto za kumwua bosi. Katika utamaduni wa tabaka la kati la Marekani, nyumba ni ngome: humo ndimo mipango inamopangwa na humo ndimo hata adui anamofungwa. Mtu akiipoteza kazi, filamu haituonyeshi lini ataipoteza paa.

Historia ya Eastlands inafundisha kinyume chake. Serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa Nairobi kuwa kibarua wa kiume aliye safarini, na vyumba vingi vya awali vilijengwa kwa hesabu ya vitanda vya wanaume. Mwanamke aliingia mjini kama mgeni wa mtu fulani. Pumwani, iliyoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa mahali pa pekee kwa sababu hapo baadhi ya wanawake waliweza kumiliki nyumba. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameeleza jinsi wengine walivyozijenga kwa fedha walizopata kwa kuuza huduma za nyumbani na miili yao. Baadaye zilikuja Kaloleni, Bahati, Makongeni, na mitaa iliyopewa jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953, ikiwamo Ofafa Jericho na Ofafa Maringo. Katika miaka ya 1970 Umoja ilijengwa kwa mkopo uliodhaminiwa na Marekani, na Dandora kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kwa hiyo Marekani haikufika Eastlands kwa njia ya filamu tu. Ilifika pia kwa njia ya matofali na riba. Katika historia hiyo yote, kwa mwanamke, kupata kazi na kupata chumba ni shauri moja.

Ngũgĩ anaanzia hapo. Wariinga anamkataa Bosi Kihara, naye anafutwa kazi. Mpenzi wake, mwanafunzi wa chuo kikuu, badala ya kumpongeza anamshutumu kuwa alikuwa hawara wa bosi, kisha anamwacha. Anaporudi Ofafa Jericho anamkuta mwenye nyumba. Vitu vyake vinatupwa nje na wahuni wanaletwa kumtisha. Mapigo hayo yanafuatana upesi hata msomaji anaweza kuyadhani ni bahati mbaya. Lakini ufundi wa riwaya uko katika kuonyesha kuwa ni pigo moja lililopita milango mitatu. Uvumi ule ule unaomfanya Doralee akose wenzake wa kula nao chakula cha mchana unamfanya Wariinga akose mwenzi, na kukosa mshahara kunamfanya akose kitanda.

Lugha yenyewe inauthibitisha uhusiano huo. Kiswahili humwita mmiliki kwa neno moja: mwenye nyumba, mwenye duka, mwenye mali. Sheng, iliyokulia katika mitaa hii hii, ina neno mdosi, ambalo humtaja bosi na tajiri kwa pamoja. Msemaji wa Eastlands hahitaji nadharia ili ajue kuwa anayelipa mshahara na anayepokea kodi ni watu wa upande mmoja. Neno limekwisha kumwambia. Filamu, kwa upande wake, inamjua bosi peke yake, na inamfanya kuwa mtu mbaya mmoja, mwenye tabia mbaya zake, ambaye akiondoka hewa inasafika.

Na anaondoka kwenda wapi? Mwishoni mwa filamu Hart anapelekwa na mkuu wake Brazili, na watazamaji wanaarifiwa kwa kejeli kwamba huko alitekwa na wanawake wa msituni asionekane tena. Katika ukumbi wa sinema jambo hilo ni kichekesho cha kufungia. Likisomwa kutoka Nairobi, lina maana nyingine: takataka za ofisi ya Marekani hutupwa Kusini, na Kusini hakuna makarani, kuna msitu tu. Ngũgĩ ameuonyesha upande wa pili wa safari hiyo. Katika karamu ya wezi na wanyang'anyi huko Ilmorog, kiongozi wa wageni waliotoka nje ni Mmarekani, naye anapokelewa kwa heshima zote. Mtu aliyechekwa alikotoka anafika kwingine akiwa mgeni wa heshima. Tena Wariinga, kabla ya kuamka, anaichukia ngozi yake na kuichubua kwa krimu za dukani. Uzuri anaoutamani umeagizwa kutoka nje kama bidhaa nyingine. Wahusika wakuu watatu wa filamu, wote weupe, hawakulazimika kupigana vita hivyo.

Haifai, hata hivyo, kuitukuza riwaya bila kuihoji. Ngũgĩ anamwokoa Wariinga kwa kumtoa kwenye taipu: anakuwa fundi wa mitambo, na mwishoni anampiga risasi Tajiri Mzee aliyemharibia usichana wake. Ufundi wa mitambo ni taswira nzuri, na ajabu ni kwamba filamu nayo inayo: Violet anajua kutengeneza kifungulio cha mlango wa banda la gari, na ujuzi huo ndio unaosaidia kumfunga Hart. Kazi zote mbili zinakubaliana kuwa mkono wa mwanamke unaweza mashine. Lakini bastola haiwezi kushikwa na wengi. Mapema katika riwaya Wariinga alisimulia habari za Kareendi, msichana ambaye ni kila msichana mtafuta kazi mjini. Wariinga anaondoka, Kareendi anabaki ofisini, na riwaya haisemi afanye nini kesho asubuhi. Filamu, yenye upeo mfupi zaidi, ina jibu kwa hilo: wanawake watatu waongee, wajue siri za kila mmoja, kisha waishike ofisi. Chama cha Boston kilifanya hivyo bila kumfunga mtu yeyote.

Tangu wakati huo Kenya imetunga sheria ambazo makarani wa filamu wangezifurahia. Sheria ya Ajira ya 2007 inadai malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko la kuzuia unyanyasaji wa kingono kazini. Sheria ya Afya ya 2017 inadai mahali pa kunyonyeshea kazini. Haya si madogo. Lakini mama anayekaa kando ya barabara Eastlands akingoja kuitwa kufua nguo hana ofisi wala faili, na mwajiri wake wa siku moja hafikishi watu 20. Kwake yeye sheria inayoishia mlangoni mwa ofisi ni sheria ya mtaa mwingine. Wala tamko hilo halimfungi mwenye nyumba anayedai kwa mpangaji kile ambacho bosi alikidai kwa karani.

Hapo ndipo uhakiki wa kazi zihusuzo ukombozi wa mwanamke unapopaswa kuelekea katika fasihi ya Kiswahili. Mhakiki amezoea kuuliza mhusika wa kike amechorwaje: ni jasiri au dhaifu, mama au malaya. Kazi hizi mbili zinamdai swali la pili, nalo ni nani ana ufunguo wa chumba chake. Riwaya au filamu itakayompa Kareendi wenzake wa kushikamana nao, kama Violet alivyopewa, huku ikijua habari ya kufuli jipya mlangoni Ofafa Jericho, bado inangojewa.