Neno Moja kwa Shule Nzima

Ripoti ya mkaguzi ni maandishi, nayo yastahili kuhakikiwa. Huko Uingereza idara ya ukaguzi, Ofsted, iliyoundwa mwaka 1992, iliihukumu shule nzima kwa neno moja. Novemba 2022 shule moja ya msingi mjini Reading ilisifiwa kwa elimu yake, lakini kasoro katika ulinzi wa watoto ikaishusha yote hadi daraja la mwisho. Mwalimu mkuu, Ruth Perry, alijitoa uhai Januari 2023. Uchunguzi rasmi wa kifo ukaona kwamba ukaguzi ulichangia. Septemba 2024 neno hilo lilifutwa kwa shule za umma. Vema, lakini mzazi auliza: mwanangu asipojua kusoma, nani atamsaidia, na lini? Sentensi kama “ufundishaji uimarishwe” haimjibu, wala haimwelezi mwalimu aanzie wapi.