Wino Unaosikika

Ukurasa hauna sauti. Mchoraji anayetaka kusimulia mapenzi ya vijana wanaopiga Beethoven na Chopin anajua tangu mwanzo kwamba msomaji wake hatasikia hata nota moja. Naoshi Arakawa alijitwika mzigo huo katika manga (hadithi ya michoro) ya Kijapani iitwayo Shigatsu wa Kimi no Uso, yaani "Aprili ni Uongo Wako". Aliichora kwa ajili ya jarida la kila mwezi la Kodansha kuanzia 2011 hadi 2015, hadi vikatimia vitabu 11. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya hadithi. Sasa naisoma kwa ajili ya mkono ulioichora, na naisoma polepole, kutoka kulia kwenda kushoto kama msahafu.

Kwa desturi ya kazi hii, mchoro hutanguliwa na rasimu ambayo Wajapani huiita nemu: michoro ya harakaharaka, vichwa kama mayai, maneno yaliyotupiwa pembeni. Hapo mchoraji huamua ukurasa uwe na visanduku vingapi, kipi kiwe kipana, na jicho la msomaji litue wapi. Kisha huja penseli, na baada yake wino. Ncha ya chuma ya kalamu hutanuka ikikandamizwa na hubana ikiachiwa, kwa hiyo mstari mmoja unaweza kuanza mwembamba kama unywele, ukanenepa katikati, ukafifia mwishoni. Kivuli ndicho cha mwisho. Karatasi za kunata zilizochapwa vitone vidogovidogo hukatwa kwa kisu chembamba, hubandikwa, halafu hukwaruzwa taratibu pale mwanga unapotakiwa kupita.

Nimeutaja mstari unaonenepa na kukonda kwa sababu ndivyo upinde wa fidla unavyofanya kazi. Uzito ukiongezwa sauti hujaa, ukipunguzwa sauti hukonda. Mchoraji wa wanamuziki ana bahati hiyo moja: chombo chake kinatii sheria ileile ya chombo anachokichora.

Tazama anavyomleta jukwaani Kaori Miyazono, mpiga fidla wa miaka 14. Yuko kwenye shindano, na kazi aliyopewa ni Kreutzer, sonata ya 9 ya Beethoven ya fidla na piano. Msichana huyu haifuati karatasi ya nota kama waamuzi wanavyotaka. Anaharakisha na kukawiza apendavyo. Arakawa anaanza na mwili. Kidevu kinakaa juu ya fidla, bega linashuka, vidole vya mkono wa kushoto vinajikunja juu ya nyuzi. Halafu anavunja mpangilio wa ukurasa. Visanduku vilivyokuwa vya mraba vinalala mshazari, nywele na nguo zinavuka mipaka, na mistari ya mwendo inafuata upinde. Maneno ya kuigiza sauti, ambayo manga nyingi huyajaza kila pembe, hapa kwa kiasi kikubwa ameyaweka kando. Anayetuonyesha nguvu ya muziki ni msikilizaji: uso wa mtu aliyekaa kitini, macho yamemtoka, amesahau kupumua.

Msikilizaji huyo ni Kousei Arima, na kwake ndiko ufundi wa Arakawa unakofikia kina. Mama yake alimfundisha piano kwa ukali na kipigo hadi mtoto akapiga kila nota kwa usahihi wa mashine. Mama alipofariki, mtoto wa miaka 11 alikaa mbele ya piano na sauti ya piano yake mwenyewe ikamtoroka. Masikio yake ni mazima. Ni muziki wake tu asiousikia. Arakawa anamchora kama mtu aliyezama chini ya bahari. Vitone vya kivuli vinaongezeka, weusi unapanda kutoka chini ya ukurasa, nota zinapukutika kutoka kwenye karatasi yake. Mimi niliyeshika kitabu sisikii piano, na Kousei aliye mbele ya piano haisikii. Upungufu wa karatasi umegeuka maradhi ya mhusika, na kwa hiyo umekoma kuwa upungufu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo; sijaona mahali pengine usemi huo ulipochorwa kwa uangalifu kiasi hiki.

Uangalifu huo unaonekana zaidi Kaori anapomtaka Kousei amsindikize kwa piano katika raundi ya pili. Wanapiga Utangulizi na Rondo Capriccioso wa Saint-Saëns. Katikati, sauti inampotea Kousei, mikono inasimama. Kaori naye anasimamisha upinde, ingawa anajua kwamba kusimama ni kulipoteza shindano. Kisha wanaanza upya. Mchoraji mwenye pupa angekimbilia kule kuanza upya. Arakawa anatukalisha kwanza kwenye kusimama, ili muziki unaporudi tuwe tumeungoja pamoja na hadhira.

Mkono huohuo una udhaifu, na kuuficha kungekuwa kumkosea heshima fundi. Mara nyingi Arakawa hakiamini kimya chake. Katikati ya onyesho anaingiza mawazo ya mpigaji, ya mpinzani, ya rafiki na ya mwamuzi, hadi ukurasa uliokuwa ukipumua unajaa sentensi zinazotuambia yale ambayo mstari umekwisha kuyasema. Kuna pia mzaha wa wasichana kumpiga Kousei. Katika hadithi ya kijana aliyevunjwa na kipigo cha mama, mzaha huo unauma vibaya. Ukatili wa mama wenyewe unasamehewa upesi mno mara tunapojua kwamba alikuwa mgonjwa na aliogopa kumwacha mwanawe bila njia ya kuishi. Hofu hiyo naielewa, lakini majeraha ya mtoto yalistahili kurasa zaidi. Na Kaori, ambaye naye ni mgonjwa, kwa muda mrefu anaonekana kwa macho ya Kousei tu, kana kwamba maisha yake yametolewa ili mwenzake apone. Tungemjua kwa hofu na matamanio yake mwenyewe, mapenzi yao yangekuwa na uzito sawa pande zote mbili.

Hata hivyo, nenda polepole hadi mwisho. Katika fainali ya shindano la piano Kousei anapiga Ballade ya kwanza ya Chopin huku Kaori akifanyiwa upasuaji. Hapa mchoraji anakusanya kila alichokijenga kwa miaka minne: weusi wa bahari unakwanguka na kuwa mwanga, visanduku vinapanuka, na Kaori anatokea kando ya piano na fidla yake, jinsi Kousei anavyomwona moyoni. Kisha umbo lake linafifia. Baada ya hapo inakuja barua aliyoiacha Kaori, na maneno mengi ambayo kwingine yaliziba pumzi ya ukurasa hapa yamepata mahali pake, kwa kuwa mwenye kuyasema hana tena fidla ya kuyasemea.

Niliporudi kwenye ukurasa wa umbo linalofifia, niliuinamisha chini ya taa. Weupe pale ni karatasi tupu iliyoachwa bila wino, na mstari wa bega unakoma kabla haujafika shingoni. Mtu alijua wapi ainue kalamu.